Jiko la Watu Wawili

Vita vya baada ya uchaguzi vilipofika Kitale, mwanzoni mwa 2008, hoteli yetu haikuchomwa. Ilikauka tu. Watalii wa mlimani walipotea, semina zikafutwa, na meneja akawarudisha nyumbani karibu wafanyakazi wote. Jikoni nilibaki peke yangu, na kupika peke yangu sikuwa nimezoea.

Mwenzangu wa miaka mingi, mama mkimya kuliko mimi (na ni nani asiye mkimya kuliko mimi?), alikuwa kambini, ndani ya hema. Nyumba yake ilichomwa kwa sababu ya kabila lake. Alizaliwa hapa hapa Kitale, lakini sasa ati ni mgeni. Wateja walipoanza kurudi mmoja mmoja, nilimwendea meneja nikamwambia amrudishe kazini.

"Mama, si unajua hali," akasema. "Watu watakataa chakula cha mkono wake. Nitaandika mwingine."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mkono uliowalisha siku zote, leo ndio una sumu? Nikajisemea, ngoja tu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa Bungoma, mfanyabiashara wa mahindi. Akila kwetu, wenzake hufuata. Siku aliyotuma habari kwamba anakuja na wageni, nilikwenda kambini asubuhi, nikamchukua mwenzangu kwa teksi na kumwingiza kwa mlango wa nyuma. Meneja hakujua.

"Kuku wa leo ni wako," nikamwambia. "Mimi nitapeleka mezani tu."

Kwetu Bungoma, ukimwandalia mgeni wa heshima kuku na asione firigisi, umemtukana. Hoteli nyingi huikatakata na kuitia kwenye supu. Mwenzangu, aliyejifunza desturi hiyo kwangu, aliiacha nzima, akaiweka juu ya nyama, upande atakaokaa mzee. Mzee aliiona, akatabasamu.

"Aliyepika ni msichana wa kwetu Bungoma," akawaambia wageni wake. Akanigeukia. "Ni wa kijiji gani? Myanga?"

"Ni wa kambini, mzee," nikasema. "Ni mmoja wa wale mnaosema si wa hapa."

Wageni waliondoa mikono mezani. Meneja alinitolea macho kutoka kaunta. Mimi nilisimama hapo hapo na trei yangu, sikuwa na haja ya kumkimbia mtu. Mzee aliichukua ile firigisi, akaitafuna polepole mpaka ikaisha, kisha akaomba aongezewe ugali. Wageni wake nao wakala.

Walipoondoka, meneja alikuja jikoni mwenyewe. "Basi aanze kesho," akasema, akatoka.

Nilimgeukia mwenzangu nikitegemea tucheke pamoja. Alikuwa anakunja aproni.

"Kazi naitaka, dada. Lakini njia ya kuja hapa inapita mbele ya pale palipokuwa na nyumba yangu. Waliochoma bado ni majirani. Leo asubuhi, tukiwa kwenye teksi, mmoja alinipungia mkono."

Nilimpokea ile aproni, nikaitundika ukutani. Roho iliniuma.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea kambini kwa miguu, nikamshika mkono, tukaja. Tulipofika pale nyumba yake ilipokuwa, jirani mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mwenzangu alitazama chini. Mimi nilimkazia macho yule mtu mpaka akarudi ndani.