Nati Niliyoipaka Rangi Kabla ya Kuifunga

Watu wakisikia kwamba zamani nilikuwa fundi wa gari la mashindano, huvuta kiti wakae karibu. Wanataka kujua lilikimbia kiasi gani, na kama kweli lilikuwa dogo vile wanavyosimuliwa. Nawaambia lilikimbia, nawaambia lilikuwa la kijani, halafu nageuza mazungumzo. Wanafikiri ni kiburi. Kiburi nilikuwa nacho, sikatai, lakini sicho kinachonifunga mdomo.

Mwenye gari alikuwa Mzungu kijana, msaidizi wa meneja katika shamba moja la chai upande wa Kericho. Hii ilikuwa wakati wa Waingereza, miaka michache baada ya nzige kumaliza mashamba. Gari lilikuja kwa treni hadi kituo cha Lumbwa: viti viwili tu, magurudumu ya spoki, jepesi hata watu wawili waliweza kushika upande wa nyuma na kuling'oa matopeni. Tuliling'oa mara nyingi, maana mvua kwetu ilinyesha karibu kila alasiri, na barabara ikawa uji.

Mimi nilitoka kando ya ziwa. Ufundi nilijifunza Kisumu kwa Mhindi mmoja aliyenizaba kofi kila nilipoacha spana chini, na kwake nikapata mikono mizuri na hasira mbaya. Shambani nilitunza injini ya kiwanda na lori. Siku gari lilipofika, bwana aliniita, akalizunguka akilipapasa kama ndama, akasema kwa Kiswahili chao cha shamba, "Mimi nataka hii iwe nyepesi zaidi. Toa kila kitu hapana kazi."

Basi tukaanza kulivua. Nasema tuka-, kwa sababu sikuwa peke yangu. Kiwandani kulikuwa na seremala aliyeunda masanduku ya chai, Mgusii, mwembamba, mtu wa kucheka. Nilimwita siku moja anitolee sakafu ya mbao nzito ya gari na kuweka nyingine. Akaja na zile mbao nyembamba za masanduku, akazikata, zikaingia bila hata msumari wa ziada. Nikamwambia arudi kesho. Akarudi kesho, na keshokutwa, na mwishowe bwana akamtoa kwenye masanduku akawa wa gari kabisa.

Alikuwa na haja moja maishani, na hakuificha. Alitaka kuwa dreva. Si dreva wa gari lile dogo, hilo lilikuwa la mwenyewe. Alitaka lori la kiwanda. Siku hizo dreva alikuwa mtu mkubwa, akipita Litein akina mama sokoni wanajua jina lake. Bwana alimwahidi mbele yangu: mashindano yakiisha vizuri, atamfundisha. Tangu siku hiyo mwenzangu alikuwa akifika kazini kabla yangu. Tukipumzika alikaa kwenye lori lililozimwa, akibadilisha gia kwa mdomo.

Kazi ile ilikuwa tamu, hilo sitalificha. Kwa barabara gari lilihitaji madigadi ya kukinga matope, taa, kioo, paipu ya kuzuia kelele na gurudumu la akiba. Kwa uwanja wa mashindano vyote hivyo vilikuwa mzigo. Kwa hiyo tulilitengeneza liweze kuvuliwa na kuvikwa. Kila kitu kilikuwa na bolti zake, na bolti zilikaa katika mikebe ya sigara. Tulitoboa matundu katika vyuma visivyobeba uzito. Springi tulizifunga kwa kamba kuzunguka, tukaikaza kweli kweli, ili gari lisiyumbe kwenye kona. Kichwa cha injini nilikisugua mwenyewe juu ya kioo kwa mchanga laini na mafuta, siku nyingi, mpaka kikapungua kiasi cha ukucha na injini ikaanza kuvuta kwa hasira. Nilivimba kichwa. Nilikuwa nikipita kwenye nyumba za wafanyakazi nikiwa na mafuta mikononi makusudi, nionekane.

Lakini kufungua na kufunga kila mara kulileta balaa. Mimi nafunga nati, naondoka. Mwenzangu anakuja, hajui, anaikaza tena. Siku ya tatu meno ya bolti yameisha. Nikamfokea sana. Halafu nikaweka sheria. Kiwandani kulikuwa na rangi nyeusi ya kuandikia masanduku ya chai. Nikasema: nati ikishafungwa mpaka mwisho, mimi ndiye nitakayeitia doa la rangi ile. Ukiona doa, usiguse. Usipoliona, niite. Brashi iwe mkononi mwangu peke yangu.

"Na wewe ukisahau?" aliniuliza.

"Mimi sisahau," nikamwambia.

Akacheka, akaifuata sheria ile kama amri ya kanisani. Miezi yote hiyo hakugusa nati yenye doa hata moja.

Kwenye mashindano, kando ya mwendeshaji hukaa mtu wa pili. Kazi yake ni kusukuma pampu ya petroli kwa mkono na kuinamia upande wa ndani gari linapopinda, ili lisipinduke. Nilijua mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Bwana akatupima kwenye mizani ya majani ya chai, mmoja baada ya mwingine, wachumaji wakitazama na kucheka, akamchagua mwenzangu kwa sababu ni mwepesi. Niliumia. Nilijitia kucheka na mimi, lakini niliumia, na wiki ile nilimjibu kwa mkato kila aliponisemesha.

Mashindano yalikuwa katika uwanja wa mbio za farasi, mbali, kwenye joto na vumbi. Tulikwenda kwa barabara, bwana na mwenzangu ndani ya gari, mimi nyuma kwa lori na mikebe yangu. Njiani gurudumu la mbele liligonga jiwe. Tulipofika bwana alisema usukani unavuta kushoto. Wakati mwenzangu anavua madigadi na taa, mimi nikalala chini ya gari, nikafungua fimbo ya chuma inayounganisha usukani na magurudumu, nikairefusha kidogo, nikairudisha. Nati yake nikaizungusha kwa vidole tu. Nati ile ina tundu. Ukishaikaza kwa spana, unapitisha kipini cha waya na kukikunja miguu, hapo haifunguki tena. Kipini nilikuwa nimekitia kwenye mfuko wa shati.

Sasa, ile rangi. Kwetu kwenye baridi ilikaa mkebeni asubuhi nzima. Kule, kwa upepo ule wa vumbi, ilianza kuganda mbele ya macho yangu. Nikaona nitakosa rangi kabla sijamaliza. Nikasema ngoja nizitie nati zote doa mara moja, halafu nitarudi nikaze ile ya usukani, ni moja tu. Nikapaka. Rangi ilikuwa bado inang'aa bwana aliponiita kwa sauti: injini inakohoa, kabureta haipendi hewa ya huku. Nikatoka chini ya gari, nikaenda kwenye kabureta, na kabureta ikanichukua akili yote.

Injini ilipolia vizuri, magari mengine yalikuwa yameshaanza kujipanga. Mwenzangu alikuwa amevaa miwani ya vumbi ya kuazima, inamcheza usoni. Akalizunguka gari akiinama, akihesabu madoa, kama alivyofanya siku zote. Akaniuliza, "Fundi, umefunga zote?"

Hilo swali nalisikia hadi leo. Aliuliza kwa upole. Lilikuwa swali la kunipa nafasi. Mimi nilikuwa na joto, nina wivu, na nilimwona amevaa miwani ambayo ilikuwa iwe yangu. Nikamjibu, "Macho huna? Doa hulioni?"

Akasema, "Sawa, ndugu yangu," akapanda.

Mzunguko wa kwanza walikwenda vizuri. Wa pili, kwenye kona iliyo karibu na zizi la farasi, mwenzangu aliinama nje vile nilivyomfundisha, mwili wote, kichwa karibu kiguse vumbi. Gari halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja kwenye ua wa miti. Bwana aling'ang'ania usukani akaumia kifua kidogo. Mwenzangu alikuwa nje nusu, na nguzo moja ya ua ikampokea.

Nilikimbia. Wengine walimkimbilia yeye. Mimi, Mungu anajua, nilikimbilia gari. Nikainama. Fimbo ya usukani ilikuwa inaning'inia na nati haipo. Nikatia mkono mfukoni, kipini kilikuwa humo. Nikakitupa majanini. Ndipo nikaenda kumwangalia rafiki yangu, ambaye goti lake lilikuwa limegeuka upande, damu inamtoka sikioni.

Bwana alikuja akichechemea. Akaiona fimbo. Akauliza, "Nani alifunga hii?"

Nikasema, "Mimi, bwana. Nilifunga na alama nikaweka." Mpaka hapo nilikuwa nimesema uongo mmoja, na labda ungetosha, labda ningeweza kuubeba. Lakini aliendelea kunitazama. Nikaona kazi inakwenda, nyumba inakwenda, nikaongeza, "Labda huyu aliifungua kuangalia."

Labda. Neno dogo hivyo. Sikumshtaki mtu, nilijiambia. Nimesema labda tu.

Mwenzangu alilala hospitali wiki nyingi. Alipopata fahamu, siku ile yote ilikuwa imefutika kichwani mwake. Alikumbuka tunafunga mikebe ya bolti jioni ya kabla yake, basi. Bwana alimwambia nati ilifunguliwa naye. Nisimnyime haki yake, bwana hakumgombeza. Alimwambia kama mtu anayesoma barua, kisha akamrudisha kwao, kwa sababu mguu haukupinda tena na kiwanda hakina kazi ya mguu mmoja. Mimi nilimwona mara moja pale hospitali. Nilimpelekea ndizi, nikakaa kitambo kidogo, nikasema kazi ni nyingi.

Gari liliuzwa. Na lori la kiwanda lilihitaji dreva, kwa hiyo wakanifundisha mimi. Nilijiambia nikatae. Sikukataa. Nilipita Litein na akina mama sokoni wakalijua jina langu.

Mke wangu alinishangaa. Nilikuwa nafoka kwa chumvi kuzidi, nafoka kwa chumvi kupungua. Kanisani waliposema tuungame kimya kimya, nilisema kila kitu isipokuwa hicho, kana kwamba aliye juu naye hakuwepo uwanjani. Baada ya miaka miwili nikapiga moyo konde. Nikaomba ruhusa, nikapanda lori la dreva mwingine hadi Sotik, na kutoka hapo nikatembea kwa miguu kupandisha milima ya Ugusii, njia nzima nikiyapanga maneno. Nitasema: nati sikuifunga. Nitasema: nilikusingizia. Mawili tu. Hata mtoto anaweza kuyasema.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa juu ya gogo, mguu umenyooka mbele, anachonga kigoda. Aliponiona alitupa tezo chini, akataka kusimama, akashindwa, akanyoosha mikono yote miwili. Mke wake akaniletea kigoda na uji wa wimbi. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za bwana. Halafu nikaweka kibuyu chini, nikasema, "Ndugu yangu, nimekuja kwa jambo moja."

"Ngoja," akasema. "Nianze mimi."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mwache aseme. Kila siku analisema hilo."

Mwenzangu akatazama mikono yake. "Bwana aliniambia nilifungua nati yako. Mimi sikumbuki, nimejaribu sana. Lakini hii mikono naijua, inapenda kushika-shika. Wewe uliweka sheria, ukaniambia usiguse, na mimi nikagusa. Nikakuharibia gari lako. Maana lilikuwa lako, si la bwana, ile kazi yote. Nilifikiri hutakuja tena kuniona kwa sababu una hasira na mimi, na ni haki yako. Nisamehe, fundi."

Alikuwa analia. Mtu yule wa kucheka. Mke wake alinitazama akingoja, na mimi mdomo wangu ulikuwa wazi tayari, yale mawili yakiwa juu ya ulimi. Nikaona pia njia ya kurudi Sotik, na lori, na wanangu. Nikasema nimemsamehe. Nikasema yamepita, asijitese.

Alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Alinishika mkono asiuachie, akamwambia mke wake achinje kuku, huyu si mgeni wa uji. Tukakaa tukizungumza mpaka kikaiva, na hajacheka hivyo, mke wake alisema, tangu alipoletwa nyumbani. Chakula kilipowekwa, alichagua firigisi, ambayo hupewa mwanamume anayeheshimiwa zaidi mezani, akaniwekea mimi kwa mkono wake. Nikaila.