Mfumo wa Nne

Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu. Jirani yangu Mkongo aliniapisha nisiseme kwamba katolewa nyumbani, na mimi huyo namwandika gazetini.

Nilimsindikiza ofisi ya serikali ya kugawa nyumba, Kilburn, huku Ulaya. Asipoandikishwa chumba kabla hawajafunga, analala nje na wanawe. Karani akabonyeza, kioo cha kompyuta kikazubaa. Akaitwa fundi, akaja na laptopu, wakazungumza Kiswahili wakidhani foleni nzima haikielewi. Karani akaanza:

“Kaka, mbona mfumo wa nyumba hauendi?”

“Mtambo mkubwa ni mmoja, unaendesha mifumo mitatu: wa nyumba, wa kodi, wa mishahara. Mimi nimepachika wa nne, wangu, nafanyia mazoezi ya intavyu ya benki.”

“Unakula nguvu yote. Uzime, mama wa watu analia.”

“Dakika chache tu, bwana.”

Dakika zenyewe zikatufikisha saa ya kufunga, chumba hakijaandikwa. Jirani akakunja kitambaa chake mpaka hakikunjiki tena. Tumekuja mpaka Ulaya, na aliyeuziba mlango ni mtoto wa kwetu.

Nikamwita meneja wa ofisi, nikamtafsiria yote kwa Kiingereza changu cha sokoni. Akaigeuza laptopu ya fundi, foleni ikaona: mfumo wa nne bado unakimbia, una jina la fundi, na kidole cha fundi mwenyewe kiko juu ya kitufe cha kufuta.