Butembo yote inakula kwa Débora, isipokuwa mama yake

Saa tano kasoro asubuhi, Ijumaa ya Kwaresima, Débora Maliro anamalizia kilima cha mwisho akiwa nyuma ya pusipusi lake. Pusipusi ndilo jina la mkokoteni hapa Butembo, na mji huu una vilima vya kumtoa mtu roho. Juu yake kuna sufuria tatu zilizofungwa blanketi, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na rundo la enjera lililofunikwa kitambaa cheupe.

Enjera ni chapati kubwa ya Waethiopia, laini, yenye vitundu vingi juu na ladha ya uchachu. Humwagiwa mboga juu yake, nawe unakata kipande kwa vidole na kuchotea hizo mboga. Débora huiuza pembeni ya uwanja ambapo mafundi wanatengeneza pikipiki.

Leo amewahi kufika. Tena ameleta kiti chenye mgongo, alichoazima kwa jirani, maana wateja wake huketi kwenye mabenchi tu. Kiti ni kwa ajili ya mama yake, Anne-Marie, ambaye anapanda kutoka Beni kuja kutazamwa macho na daktari.

"Mama hajakulaka chakula yangu tangu nipone," anasema Débora huku akiweka jiwe chini ya gurudumu. "Alisema akitoka kwa munganga, atapita hapa. Kupita njo alisema. Kula, hapana."

Anasema hivyo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Lakini kitambaa cha kile kiti amekinyoosha mara nne, na bado anakitazama.

Saa sita wateja wanaanza kujaa. Hapa hakuna sahani ya mtu mmoja. Débora anatandaza enjera moja kwenye sinia, anaweka kabichi na viazi, njegere, na shiro, ambayo ni mchuzi mzito wa unga wa maharagwe. Watu watatu au wanne wanaketi kuizunguka, wawe wanajuana au hawajuani. Ndiyo maana chakula chake ni rahisi: faranga elfu mbili kwa kila mmoja, wakati sahani ya bugali, yaani ugali wa huku, na nyama kwenye mgahawa wa jirani inazidi mara mbili ya hiyo.

Siku nzuri anabaki na faranga elfu ishirini hivi, baada ya kutoa unga, mafuta na makaa. Siku nzuri zimepungua. Tangu vita vifike Kanyabayonga, kule kusini, viazi na njegere kutoka upande ule vinakuja kwa shida, na bei inapanda bila kumwuliza mtu.

Kuwazoesha watu wa Butembo chakula hiki haikuwa kazi ndogo. Hapa mtu anaweza kula ashibe, akaondoka akisema hajala, kwa sababu hakuona bugali. Fundi Malachie, mteja wake wa zamani kuliko wote, mpaka leo huja na bugali ya mke wake ndani ya mfuko. Anaiweka ukingoni mwa sinia, anailia shiro, kisha anaikunja enjera na kuimaliza kama tunda la mwisho wa chakula. Débora aligombana naye miezi mingi. Siku hizi anamsogezea nafasi.

Mwandishi wa makala haya alikula bila bugali, akaongezwa, akaongezwa tena, na haoni aibu kulisema.

Débora ana umri wa miaka thelathini na minane. Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa Beni, alikuwa akiishi na mama yake mjini humo na kuuza unga wa muhogo sokoni. Homa ikamkamata. Akachukuliwa kituo cha matibabu, akalala huko wiki kadhaa, akatoka mzima. Waliopona waliitwa vainqueurs, yaani washindi, na siku ya kutoka walipigiwa makofi.

Makofi yaliishia getini. Sokoni hakuna aliyegusa unga wake. Nyumbani mama yake alimpokea, akamfulia, akamtandikia kitanda, ila ilipofika saa ya kula alisema ameshakula. Kesho yake akasema vilevile. Débora akipika, mama amefunga. Akipika tena, mama anaumwa tumbo.

"Nilijiambia, kama mama anaogopa mukono yangu, nani hataogopa?" anasema.

Akavuka mpaka wa Kasindi, akaenda Kampala. Huko akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Waethiopia, chini ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Tsehai. Alificha habari ya ugonjwa wake kwa muda, kisha moyo ukamshinda, akamwambia bosi wake akijua anafukuzwa.

Mama Tsehai alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakata kipande cha enjera, akakizungushia dengu, akamlisha kwa mkono wake, mbele ya wateja. Kwao ndivyo mtu anavyomwonyesha mwenzake kwamba anampenda. Débora anasema alilia na chakula kikiwa mdomoni, na kwamba dengu zile zilikuwa na pilipili nyingi mno, kwa hiyo kila mtu alidhani ni pilipili.

Kutoka kwenye vyombo alipandishwa jikoni. Aliporudi Kongo miaka minne baadaye, alichagua Butembo kwa sababu hakuna aliyemjua. Nafaka ya Waethiopia haipatikani huku, akatumia ulezi wa Lubero na unga kidogo wa mahindi. Akaulaza unga na maji siku mbili ili uchachuke, kama Kampala. Kikatoka kitu kigumu kama soli ya kiatu. Alikuwa amesahau kwamba Butembo ni baridi, na unga, kama watu wa hapa, hauamki haraka. Sasa anaulaza siku nne, ndoo ikiwa imefungwa blanketi karibu na jiko.

Miezi michache baada ya kuanza, mfanyabiashara mmoja kutoka Beni alimtambua, akaropoka habari yake uwanja mzima. Kesho yake mafundi walisimama mbali, mikono mifukoni. Débora hakukana. Aliwaambia ni yeye, aliugua na akapona, na mwenye kuogopa ana haki yake.

Malachie, ambaye alimpoteza shangazi yake katika ugonjwa ule, alinawa mikono, akaketi na bugali yake, akala. Siku kadhaa alikula peke yake kwenye sinia la watu wanne. Anapoulizwa kwa nini, anainua mabega. Anasema alikuwa na njaa, na daktari aliwaeleza wakati wa chanjo kwamba aliyepona anaweza kuketi mezani na watu. Wengine wakamfuata, mmoja leo, mwingine kesho.

Basi mji ukala. Wapo wateja waliomkimbia zamani ambao sasa wanagombania ukingo wa sinia. Aliyebaki ni mmoja.

Kila wiki Débora humpa Shafii, dereva wa lori anayekula hapa, kibakuli cha plastiki chenye mfuniko ampelekee mama yake Beni. Shafii hurudi na kibakuli kitupu, kimeoshwa, na shukrani nyingi, na swali kama miguu ya Débora bado inauma tangu ule ugonjwa. Mwaka mzima Débora aliamini kwamba hatimaye mama anakula. Ndipo Hadidja, jirani wa mama yake kule Beni, akamwambia kwenye simu kwamba chakula kile kizuri sana wanakula watoto wake yeye Hadidja.

"Donc, basi, batoto ya jirani banaweza kula, yeye hapana," anasema Débora. Hapo sauti yake inabadilika kwa mara ya kwanza. "Nikaona si kuogopa tena. Nikaona hanipende."

Mwandishi alimpigia Hadidja simu. Yeye aliyaona mambo kwa upande mwingine. "Kama ule mama angeogopa ugonjwa, angelisha batoto yangu?" aliuliza. "Mie najua iko kitu ingine. Mais mambo ya mama na mutoto, jirani haingiliake."

Saa saba na nusu pikipiki inasimama. Anashuka mama mfupi, kitenge cha buluu, mwavuli mkononi, macho mekundu kwa dawa aliyotiwa. Mama na binti wanasalimiana kwa Kinande, taratibu, mikono ikishikana kwa muda. Mafundi wanasogea. Mama Anne-Marie anakaa kwenye kiti chenye mgongo na kuutazama mkokoteni kuanzia magurudumu mpaka juu.

Débora anatandaza enjera mpya. Anapanga kabichi, viazi, njegere na shiro, kila kimoja mahali pake. Hakuna nyama, ni Kwaresima, na hata Mama Tsehai alikuwa na vyakula vya namna hii kwa siku zake za kufunga. Anaweka sinia kwenye kigoda mbele ya mama yake.

"Nimeshakula kwa munganga," anasema mama.

Hakuna mtu aliyewahi kulishwa kwa mganga wa macho. Mafundi wanalijua hilo, mwandishi analijua hilo, na Malachie anaacha kutafuna. Débora anaitikia kwa kichwa tu, anarudi kwenye sufuria zake. Anamtilia mteja mmoja shiro, nyingine inamwagikia mkononi, na wala haipangusi.

Sinia linakaa pale. Mvuke unapungua. Mama anaufungua mwavuli ingawa hakuna jua wala mvua, anaufunga tena, kisha anaita jina la binti yake.

Anachosema anakisema kwa sauti ya chini. Baadaye, alipoulizwa, aliruhusu kiandikwe.

"Ile siku, gari ya bagonjwa ilikuwa ingali njiani. Ulikuwa unaniita ndani ya chumba, unaomba uji. Nikapika. Nikaweka bakuli chini, nikaisukuma na muti ya fagio mpaka kwa mulango yako. Mutoto yangu mwenyewe. Sawa vile banasukumiaka imbwa." Anatazama mikono yake. "Sasa nikule yako na mukono gani?"

Débora amesimama na mwiko. Wateja wote wamegeuka kutazama pikipiki moja iliyofunguliwa injini, kana kwamba hawajaona injini maishani mwao.

"Mama," anasema, "mie sikumbuke ile."

"Hukumbuke?"

"Homa ilikuwa mingi. Sikumbuke bakuli, sikumbuke fagio. Miaka yote nilifikiri unaniogopa."

"Niliogopa ile siku moja," anasema mama. "Ingine yote ilikuwa haya ya ile fagio."

Ni vigumu kueleza kinachotokea usoni mwa mtu anapogundua kwamba kwa miaka sita amelia kwa sababu isiyokuwapo, na kwamba mwenzake naye, upande wa pili wa barabara ile ile ya Beni, amelia kwa jambo ambalo hakuna aliyemdai. Wengine wangekumbatiana. Débora anaweka mwiko chini, anaketi kwenye ukingo wa benchi karibu na goti la mama yake, na kusema kwamba kama ni yeye aliyekuwa mzima siku ile, angeusukuma uji vilevile, tena na mti mrefu zaidi.

Mama anatoa sauti ambayo si kicheko kamili. Malachie ndiye anayeinuka, anaileta ndoo na sabuni, anamfungulia bomba. Mama Anne-Marie ananawa, ananawa tena, mpaka maji yanatiririka chini ya kiti. Kisha anakata enjera kwa mikono miwili, kama mtu anayepasua kitambaa, maana hajawahi kufundishwa. Anachota kabichi. Anakula.

Anatafuna pole pole.

"Imechacha," anasema mama.

"Ni vile inakuwaka, mama."

"Na chumvi haitoshe." Anachota tena, safari hii shiro. "Haitoshe hata hapa. Njo mie nilikufundisha kupika vile?"

Débora anafunika uso kwa kitambaa cheupe cha enjera, na mabega yake yanatikisika. Tangu apone hakuna mtu aliyemgombeza juu ya chumvi. Watu walimwogopa, au walimhurumia, au walimsifu kwa ujasiri wake, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikosa hiki tu, mama wa kumwambia kwamba hajui kupika.

Wateja wamerudi kwenye masinia yao. Mama amelivuta la kwake karibu na magoti, na ameshafika kwenye viazi. Débora anapangusa macho na kumwambia mwandishi, kwa sauti ya kusikika na mwingine, kwamba siku moja angependa kuwa na pusipusi la pili kule Beni, lakini hilo litangoja. Kwanza anataka kitu kimoja. Anamgeukia mama yake.

"Pasaka nitakuja kupika kwako. Ndani ya jiko yako."

Mama Anne-Marie mdomo umejaa. Anameza kwanza, bila haraka, anapangusa kidole kwenye ukingo wa enjera.

"Ukuje na chumvi," anasema.