Silinda Nane za Kwenda Chake

Lile gari nalichukia mpaka leo, na halipo tena. Kaka yangu alilituma kutoka Maskati, miaka ile ya vyama vingi, likashushwa bandari ya Mkoani, Pemba, na kijiji chetu kizima cha Kengeja kikatoka kulitazama: jeusi, refu, usukani kushoto, viti vya ngozi, injini ya silinda nane. Kule lilikuwa la tajiri fulani. Kwetu lilikuja kumpeleka baba hospitali.

Baba alikuwa na sukari, na kidonda kwenye unyayo wa mguu wa kulia. Daktari wa mjini Chake alituambia bila kumung'unya maneno: kidonda kisafishwe pale hospitali kila Jumatatu na kila Alhamisi, la sivyo vidole vitakatwa. Kaka aliyasikia hayo kwa simu, akatuma gari. Mimi ndiye mwana niliyebaki nyumbani, mwalimu wa skuli, kwa hiyo udereva ukaniangukia mimi.

Sijapata kuona kitu kinachokunywa kama gari lile. Kutoka Kengeja mpaka Chake si safari ya kumchosha mtu, lakini dumu la lita kumi lilikuwa haliturudishi nyumbani. Na petroli yenyewe tulinunua kwa chupa kwa wauzaji wa njiani. Meli ya mafuta ikichelewa, hata chupa hazionekani. Pikipiki ya mwalimu mwenzangu ilikwenda wiki nzima kwa kile ambacho gari letu lilikimeza asubuhi moja. Nilijaribu kila hila. Nilitoa tairi la akiba na jeki ili lipungue uzito. Nilikwenda mwendo wa kinyonga mpaka wenye baiskeli wananipita wakicheka. Kwenye miteremko nilizima injini, usukani ukawa mzito na breki zikagoma, nikamaliza mteremko nikisoma kila dua niijuayo. Nilimpigia kaka kulalamika.

"Ukipenda boga, penda na ua lake," akaniambia. Kule aliko petroli ni rahisi kuliko maji, atajuaje?

Kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba gari la abiria lilipita mbele ya mlango wetu kila asubuhi. Lori la mabenchi ya mbao, linakwenda Chake moja kwa moja, na dereva wake alisomeshwa msahafu na baba, kwenye baraza yetu hiyo hiyo. Lakini baba alikuwa wa chama kimoja, na karibu mtaa mzima wa chama kingine, na miaka ile kulikuwa na watu Pemba waliokuwa hawaendeani hata mazikoni kwa sababu hiyo. Nilimwambia baba mara ngapi: hospitali haina chama, panda lori kama watu.

"Mie na gari langu la baridi, nkapande lori?" alikuwa akijibu. Kisha ananiamrisha nipandishe vioo na nifungulie baridi ya kiyoyozi, hasa tukilipita lori lile njiani.

Na baridi ile nayo inakunywa petroli! Nilikuwa nauma meno. Niliona ni ukaidi wa uzee, na siasa, na kujishaua, vyote kwa mshahara wangu. Wala sikunyamaza. Kila tukiingia garini niliisoma geji ya petroli kwa sauti: "Robo, baba. Chini ya robo." Ikawa asubuhi nyingine ananiambia kidonda kimekauka, leo tusiende. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nashukuru.

Alhamisi moja, meli ya mafuta haijafika siku kadhaa, tuliondoka na chupa tatu tu nilizobembeleza. Gari likazimika kwenye kilima kabla ya Mtambile. Sikushangaa. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananivuma. Mara lori likaja nyuma yetu. Nikasimama katikati ya njia, nikanyoosha mikono yote miwili, nikimwambia baba moyoni: leo utapanda, utake usitake.

Dereva akasimamisha, akashuka. Hakunitazama usoni. Nyuma ya lori kulikuwa na abiria wachache tu, benchi zima la upande mmoja liko tupu, na hakuna aliyenisalimu.

"Mpakie mzee akafungwe kidonda," nikamwambia. "Mimi nitabaki na gari."

"N'samehe, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Nkimpakia, hawa watashuka wote. Si ndivyo walivyofanya mara ile?"

"Mara ipi?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Kumbe hakukwambia? Kabla gari hili halijaja. Alipanda, wakateremka mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake. Naye akateremka, akarudi kwao kwa miguu. Kwa mguu ule ule." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mie nna watoto, mwalimu. Na lori si langu."

Lori likaondoka. Nilibaki pale njiani na aibu ambayo mpaka sasa sijui niieleze vipi. Mwaka mzima nimemhesabia mzee yule matone ya petroli, nikimwita mkaidi mbele ya watu, naye ameyameza yote. Nilirudi garini, nikakaa nyuma ya usukani. Baba alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mapaja.

"Limejaa?" akaniuliza.

Benchi lile tupu alikuwa ameliona kama nilivyoliona mimi.

"Limejaa, baba."

"Nilijua," akasema. "Siku za Alhamisi hujaa."

Hatukufika Chake siku ile. Wiki mbili baadaye wakamkata vidole viwili. Nilikaa kando ya kitanda chake mpaka dawa ya usingizi ilipomtoka. Midomo ilikuwa imemkauka, na hakuwa na habari kama ni asubuhi au ni jioni. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama petroli ya kurudi ipo.