Makopo Matatu ya Dalia

Harufu ya udongo mkavu unaomwagiwa maji kwenye kopo la samli hunitia kichefuchefu. Wenzangu huisifu, wanasema ni harufu ya mvua. Mie ikinifika puani narudi kwenye kiwanja chetu kidogo cha Maskati, mwaka sitini na tano, nna miaka minane, namuomba Mungu jani moja tu lisinyauke.

Tulifika mie na mama, bila ya baba. Yeye alizuiliwa na askari kwenye ngazi ya meli, bandarini Unguja, sie tushapandishwa. Kabla hawajamrudisha nyuma aliwahi kumpa mama kitambaa alichofunga viazi vitatu vya dalia. Si ile dalia ya kujipaka, la; ni yale maua makubwa yenye majani mengi yaliyopangana, ambayo baba aliyapenda hata mama akimtania kuwa ameoa wake wawili. Kila mwaka aliviotesha viazi chumbani, na masika ikiingia ndio huvitoa nje.

"Vioteshe ndani," alimwambia mama, "masika ikiingia vitoe. Zikichanua ntakuwa nshafika."

Mtu mzima angejua ni maneno ya kumpoza mke anayelia. Mie niliyachukua kama ratiba.

Mjomba Seif, kaka yake mama, ndiye aliyetupokea nyumbani kwake. Mama akatafuta makopo matatu, akayajaza udongo na kuyapanga dirishani, na alhamdulillahi viazi vikaota. Jirani yetu Bi Shamsa, mtu wa Qantab, kijiji cha wavuvi, hajui neno la Kiswahili, alipoyaona akamuonya mama kwa Kiarabu na kwa mikono: hapa kitu hakitolewi nje saa hizi, joto ndio kwanza linakuja, ungoje mpaka nyota ya Suhail itoke, mwisho wa kiangazi. Mama akamshukuru kwa adabu. Alipoondoka akatwambia mwacha asili ni mtumwa. Mjomba akacheka, akamjibu kuwa ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mama hakucheka hata kidogo.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha akalitoa kopo la kwanza, kwa bismillahi, kama alivyoagizwa. Siku ya nne ukavuma upepo wa moto kutoka bara, na kufika adhuhuri majani yalikuwa kama majani ya chai. Mama alipiga magoti mbele ya lile kopo, akatazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kudanganyia.

"Masika itakuja tu," akasema.

Haikuja. Wala barua haikuja. Makopo mawili yakabaki ndani, mama akingoja mvua, na mie roho inanipaa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: dalia haitoki nje, basi haichanui; haichanui, basi baba hafiki. Siku moja, mama amelala baada ya sala ya adhuhuri, nikalibeba kopo la pili mpaka kiwanjani. Nilikusudia kidogo tu, nikaketi nalikinga jua kwa kanga yangu, kisha usingizi ukanichukua na mie nimeegemea ukuta. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama, shina limelala. Nikalirudisha dirishani kama sikuligusa.

Jamani, dhiki ile sijaipata tena ukubwani, na nimezika watu. Nilijua nimemkatia baba njia. Chakula hakikupita. Mama akadhani nimetiwa jicho, akaninywesha kombe siku saba mfululizo, na mie nikayanywa yale maji ya aya tukufu huku najua dawa yangu si hiyo.

Kiangazi kikaikausha dalia ya tatu humohumo ndani. Mama akalikata shina, akaliacha kopo na kiazi chake. Ikaingia Septemba. Akaja mgeni mmoja kutoka Unguja, wakajifungia chumbani yeye na mjomba na mama, na mie nikaambiwa nikacheze. Jioni ileile mama akalibeba kopo la mwisho kwa mikono yake, akalitoa nje.

Nilishikwa na wazimu. Nikamvuta nguo, nikamwambia masika bado, litakufa, hatuna jengine.

"Suhail ishatoka," akanijibu, wala hakunitazama.

Kesho yake Bi Shamsa akanichukua kwa jamaa zake Qantab, nikakaa wiki mbili baina ya dagaa walioanikwa, hata nywele zikanuka dagaa. Niliporudi mama alikuwa hatoki. Hana wanja, hana udi, ameketi chumbani na nguo zake zisizo na rangi. Wakanambia anapumzika. Mie sikuwa na nafasi ya kuuliza sana, maana kiazi kilikuwa kimechipua upya. Nikakilinda miezi mitatu, nikawazuia hata kuku kukisogelea, na mama akinitazama kupitia dirishani bila ya kusema neno.

Ikachanua Disemba. Nyekundu nzito, kubwa kuliko kiganja changu. Nikakimbilia chumbani, natweta.

"Mama, imechanua! Baba yuko wapi?"

Mama aliufunika uso kwa mikono miwili. Akanikalisha mapajani, mtoto mkubwa mie, akanambia baba hayupo tena, amefariki tangu mwezi wa pili, na khabari ilimfika siku aliyolitoa kopo.

Nikamwambia ni mie. Nikamsimulia kopo la pili lote, kanga, usingizi, shina lililolala.

"Nnajua ni weye," akasema. "Na la kwanza nliliunguza mie. Hatukumuua, mwanangu. Alikuwa keshakufa, sie tunatazama mawingu."

Ilinichukua miaka, mpaka na mie nikawa mke wa mtu, kuielewa ile miezi mitatu ya kimya chake. Alikuwa ndani ya eda, kaihesabu tangu siku ya khabari, na kila asubuhi alimuona mwanawe akimwagia maji tumaini ambalo yeye ameshalizika, asipate ulimi wa kuliua. Na nikaelewa pia kuhusu Suhail. Mama hakuwa mjinga. Tangu mwezi wa tatu alijua Bi Shamsa kasema kweli, lakini kutoa kopo kwa nyota ya watu wengine kulikuwa ni kukubali kwamba neno la mumewe halina tena wa kulitimiza. Dalia ile ilipona kwa sababu baba alikuwa amekufa, na mie niliishangilia.