Nyumba Iliyouza Barafu Moja

Bi Muzna alifanya kazi ya kuunganisha simu za mji wa Unguja kwa muda mrefu hata watu wakamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ukimwita dirishani akakujibu "Naam," ulihisi sasa hivi atakwambia laini ina mtu, subiri. Alistaafu mwaka ilipoletwa mitambo mipya, isiyohitaji mtu wa kusema naam. Akapewa kiinua mgongo na saa ya ukutani. Saa haikuwa na betri.

Kiinua mgongo alikitia katika duka, lakini si kwa biashara. Duka lilikuwa la babu yake, mlango mmoja mtaa wa Kiponda, lililouza karafuu na ngozi, likafungwa miaka mingi mpaka popo wakalihesabu lao. Bi Muzna alitaka kuligeuza nyumba. Nyumba ya wakfu aliyokuwa akipanga mtaa wa Malindi, yeye na mdogo wake Hind, ilikuwa ikishuka kidogo kidogo. Masika yaliyopita ngazi ndiyo iliyoshuka, yote. Hind, ambaye miguu yake ilishakufa kwa maradhi ya mgongo, akabaki kitandani ghorofani, na kati yake na barabara pakawa na vipande vya boriti vilivyofungwa kamba. Msimamizi wa nyumba alikuja, akatazama juu, akasema, "Mungu mkubwa," akaenda zake.

Kwa hiyo Hind alitakiwa ateremshwe kabla ya mvua, na apatikane pa kumteremshia. Mambo mengine yote yalikuwa maneno tu.

Fundi Silima, Mtumbatu aliyependa kuzungumza na ukuta kuliko na mwenye nyumba, alijenga choo na jiko, akapaka chokaa, akaangusha paa la zamani kabla halijamwangukia yeye. Kutoka juu ya mlango aliteremsha kibao kirefu cha bati: HISHAM NA WANAWE, KARAFUU NA NGOZI.

"Nkitupe?"

"Usikitupe. Jina la babu hilo."

Akakisimamisha uani. Wiki ile ile pesa zikamalizika. Kuta zilikuwa nzuri mno, na juu yake palikuwa na mbingu. Silima aliazimisha turubai lake bovu, akasema litafaa kwa kivuli. Kwa mvua asiulizwe.

Habari ya kodi aliileta jirani mpya, Bi Tahiya, mwanamke aliyejua ya watu wote kupitia dirisha moja.

"Muzna, saruji ulonunua imo kodi ndani yake. Ukigeuza duka likawa makaazi, wanakurejeshea."

"Serikali irejeshe pesa? Tahiya, umekunywa nini?"

"Wallahi. Nenda kaulize."

Alikwenda ofisi ya kodi akitarajia kuchekwa. Hakuchekwa, walimwambia ni kweli, jambo lililomtia hofu zaidi. Alikuwa ametunza risiti zote, na kodi iliyokuwamo ilitosha mabati ya paa zima, na misumari juu yake. Lilibaki sharti moja: ofisa aje aone kwa macho yake kwamba pale panakaliwa, na hapafanywi biashara ya aina yoyote.

"Sasa mtu anaoneshaje kwamba anakaa?" Bi Muzna aliuliza.

Bi Tahiya alishangaa swali lenyewe. "Kitanda, mswala, sufuria. Na friji, bibie! Nyumba haina friji, nani ataamini? Tena friji tupu linaunguruma la nini? Tia barafu."

Akatia barafu, za ukwaju, katika vifuko vidogo vilivyofungwa mafundo, kama zilivyo katika kila nyumba ya Mji Mkongwe yenye umeme na mwanamke. Kila nyumba huziuza pia, dirishani, na hakuna anayeita jambo hilo biashara, kama vile hakuna anayeita kupiga chafya hotuba. Bi Muzna hakukusudia kuuza. Alikusudia kukaa.

Ofisa alikuwa kijana, jina lake Ayoub, mwenye shati lililopigwa pasi na tabia zilizopigwa pasi.

"Hodi!"

"Naam, karibu."

Kijana akasimama mlangoni. "Shikamoo. Hiyo sauti! Si wewe ulokuwa ukituunganisha na baba Maskati?"

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Kesha kufa."

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Ayoub alitazama kitanda, akatazama jiko, akatazama mbingu kupitia matundu ya turubai, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Joto lilikuwa la Februari. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kalamu. Bi Muzna akafungua friji.

"Siruhusiwi kupokea kitu, Bi Muzna. Hata maji."

"Barafu ya ukwaju hiyo, mwanangu, sikupi nyumba."

Kijana alicheka, akaitazama ile barafu ikitoa moshi, na mwishowe akashindwa. "Basi nnalipa."

"Mgeni halipi kwangu."

"Nikila bure nimekula rushwa."

Neno hilo, ndani ya nyumba yake, lilimtisha Bi Muzna kuliko mvua. Akapokea sarafu upesi. Ayoub akauma kona ya mfuko, na hapo hapo dirisha la Bi Tahiya likafunguka.

"Ushaanza kuuza, Muzna? Afadhali, langu friji limekufa! Niwekee tano!"

Ayoub aliacha kufyonza.

"Bi Muzna, hapa panauzwa barafu?"

"Umenunua weye peke yako!"

"Ndiyo," alisema kwa masikitiko. "Nimenunua."

"Basi chukua sarafu yako, baba."

"Nikipokea pesa mkononi mwako, ndo kabisa."

Alikuwa mtu mwaminifu, na huo ndio ulikuwa msiba. Angekuwa mwizi kidogo tu, Hind angepata paa. Aliandika alichokiona, akamaliza barafu yake kwa kuwa alishailipia, akaaga kwa adabu.

Jibu lilisema jengo bado ni la biashara. Aombe tena mwakani. Bi Muzna alikwenda ofisini mara kwa mara, akasema kwa ile sauti iliyowahi kuamuru mji mzima: ni mdogo wangu, hawezi kusimama, mvua hizo zinakuja. Karani wa dirishani alimsikiliza vizuri.

"Subiri," alimwambia.

Masika hayakusubiri. Asubuhi ya mvua ya kwanza kipande cha ukuta wa Malindi kilianguka barabarani, na Silima akamteremsha Hind mgongoni, kwenye zile boriti, huku akizisemesha moja moja zisimwaibishe. Walimlaza Kiponda chini ya turubai. Turubai lilivumilia kidogo, kisha likaanza kuvuja kila mahali.

Silima alitoka uani na kile kibao. Akakilaza juu ya nguzo za kitanda, maandishi chini.

Hind, aliyekuwa chali, alisoma jina la babu yake polepole.

"Dada," alisema, "ofisi wamesema kweli. Tunalala dukani."

Kibao kilimfunika toka kichwani mpaka magotini, hapo bati likaisha. Miguu ilibaki nje, ikirowa. Bi Muzna alikuwa akihangaika na beseni, akilisogeza huku na huku.

"Huko acha," Hind alimwambia. "Huko hakuna mtu."

Bi Muzna aliliacha beseni. Akapanda kitandani, akaikalia ile miguu, mvua ikampiga yeye.