Kalunguyeye Watatu wa Qurayyat

Baridi iliyopita, dada anayetusaidia kazi za nyumbani, mtoto wa Tanga huyo, aliingia chumbani kwangu na beseni mkononi. "Bibi, nimekaokota nyuma ya tangi la maji. Kamekufa. Nikakatupe?" Ndani mlikuwa na kalunguyeye, kajikunja mviringo, miba juu. Nikamwambia amrudishe palepale alipomtoa, amfunike majani makavu, asimguse tena. Akanitazama kama anayejiuliza kizee hiki kimeanza lini kupotewa na akili. "Ntakueleza," nikamwambia. Sikumweleza. Nakueleza wewe.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele bado mapengo, tulipokuja Qurayyat, huku pwani ya Omani, kutoka Unguja. Mama tulimzika kule, muda mfupi kabla ya safari. Baba kapata kazi Maskati, tukimwona Ijumaa tu, tena si kila Ijumaa. Nikabaki na bibi yangu mzaa mama. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, nyuma yake kishamba cha mitende, na upepo ukigeuka ukituletea harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Bibi alipika wali bila nazi kwa sababu nazi hazikuwapo, na kila akionja alikunja uso kama kala shubiri. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko nilikokuweza khasa.

Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa jirani, mwanamke wa makamo, mjane. Kazaliwa Pemba, akaolewa huku akiwa kigoli, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila kilishika kutu. Bibi hakumpenda. Akisema, "Yule keshakuwa mtu wa huku. Hata huruma yake imekauka kama tende."

Siku moja, joto lilipoanza kuondoka, jirani alichoma makuti makavu shambani kwake. Ndani ya makuti mlikuwa na kalunguyeye na watoto. Mama mtu aliungua. Watoto watatu bibi aliwatoa kwa upawa, akarudi nao kwenye upindo wa kanga, nyusi zimebabuka kwa moto. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Nipe mmoja, bi mkubwa. Nyama yake dawa ya magoti."

"Astaghfirullah! Umemuua mama yao, sasa wataka kuwala na watoto?"

"Magoti yangu hayajui habari za mama mtu."

Bibi akamgeuzia mgongo. Aliwatia kalunguyeye kwenye sanduku la mbao tulilokuja nalo melini, akatandika gunia na makuti. "Watakaa humu mpaka baridi ipite," akaniambia. "Baridi ikipita tutawarudisha shambani. Mayatima hawaachiwi baridi." Aliposema mayatima hakunitazama, lakini nilijua na mimi nimo.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Asubuhi nikipindua mawe kutafuta mende na mabuu. Jioni nikiwapondea dagaa, na wao wakila kwa kelele, cha, cha, cha, kama wazee wasio na meno. Walinuka, sikufichi. Lakini nilikuwa sijacheka tangu Unguja, na wao walinichekesha. Nikawanong'oneza mambo ambayo watu wazima hawakuniuliza.

Kisha ukaja upepo wa nchi kavu, ule unaoshuka milimani. Sisi tumetoka mahali ambapo baridi ni jina tu la mvua. Bibi alivaa kanga tatu juu ya nguo, na bado meno yakimgonga. Asubuhi moja nikafungua sanduku nikakuta wawili wamejikunja, baridi kama kokoto za kisimani. Wa tatu hayupo. Bibi akamwinua mmoja, akamweka sikioni, akasubiri. Akamtikisa. Hakuna kitu. "Inna lillahi," akasema, akachukua jembe.

Jirani alisikia jembe, akaja mpaka ukutani.

"Unazika nini?"

"Unaona nini?"

"Usizike! Hao wamelala. Huku baridi huwalaza, jua likirudi huamka. Waache."

"Ati wamelala! Mnyama halali akawa jiwe. Wataka niwaache ili usiku uje uwachukue kwa magoti yako."

"Wallahi wamelala, we mwanamke."

"Na mimi nimezaliwa jana."

Akawazika chini ya mtende, kina cha mkono, akashindilia udongo kwa mguu ili paka wasifukue. Huo ndio wema alioujua: kilichokufa hakikawizwi. Kwao Unguja asingekosea.

Upepo ulipokatika, jua likatoka la kweli, likaingia mpaka chumbani. Nikasikia kitu kinakwaruza. Wa tatu akatoka katikati ya mikunjo ya gunia, chini kabisa ya sanduku, ambako sote hatukupekua. Alitembea kama mlevi. Akasimama, akapiga miayo. Mimi nikapiga kelele za furaha. Bibi akaja mbio, akamwona, na uso wake ukawa kama ukuta uliomwagiwa maji.

Hakuchukua jembe. Alifukua kwa mikono. Wa kwanza alikuwa amejikunja vilevile, kafa. Wa pili hakuwa pale alipowekwa. Alikuwa karibu na juu, kajinyoosha, pua kaielekeza juu, kinywa kimejaa udongo, na kucha zake zimekatika.

Tukakaa pale chini, mimi na bibi. Nami, ambaye kazi yangu ilikuwa kunyamaza, nikauliza:

"Na mama? Mlimwangalia vizuri?"

Nilidhani atanipiga. Alikuwa mwepesi wa kofi. Akaitazama mikono yake iliyojaa udongo, akasema polepole, "Mama yako nilimwosha mimi. Nilimzaa mimi, na nikamwosha mimi. Maji ya mkunazi, kisha maji ya karafuu maiti. Nikamsuka nywele mikia mitatu. Nikamwita jina lake sikioni, wenzangu wakinikataza. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Hakuitika, mjukuu wangu."

Hapo ndipo nilipojua kuwa mama amekufa. Kabla yake nilikuwa nimeambiwa tu.

Aliyebaki tulimlisha mpaka baridi ikapita, mitende ikaanza kutoa makole ya tende. Siku ya kumwachia, bibi alikwenda mwenyewe mlangoni kwa jirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwita aje. Tukaenda watatu hadi mwisho wa shamba. Kalunguyeye akanusa, akaingia majanini, hakugeuka nyuma. Bibi akasimama. Bibi yangu huyo hakujua kuomba radhi. Alikohoa tu, akakohoa tena.

Jirani akamwokoa. "Lau ungenipa mmoja nikamla," akasema, "usingenidhania wizi, na leo tungeachia wawili. Huruma yako imekuwa na tumbo kubwa kuliko njaa yangu."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika mtende, na katikati kicheko kikageuka kilio, na jirani akamshika mabega. Walikaa hivyo muda mrefu. Tangu siku hiyo kahawa ya asubuhi waliinywa pamoja, wakitukanana.

Sasa shamba lile halipo, mitende imeng'olewa, pamejengwa ghorofa za kupangisha na uwanja wa magari. Ukuta uliowatenganisha sijui uliangushwa lini. Wanawake wale wawili walikufa wakifuatana, msimu mmoja, nami nilikuwa Maskati nnalea watoto wangu. Nilifika kaburini udongo umeshakauka. Mwaka jana nikamwambia mwanangu anipeleke makaburini. Huku makaburi hayaandikwi. Mwanamke huwekewa mawe matatu, basi. Nikatembea katikati ya mawe matatu, na mawe matatu, na mengine matatu. Yupi bibi yangu na yupi jirani, sikujua, na wa kumuuliza hayuko tena. Nikasimama pale jua likinichoma, nikawaombea wote.